JINO HUNG'OLEWA LIKARUDISHWA MAHALI PAKE



Mwaka jana, wiki moja kabla ya mtihani wa kufunga mwaka, mwanafunzi wetu mmoja alikuja darasani akiwa amejizungushia kilemba mpaka shavuni. Tulipomtaka akifungue, tuliona shavu lake la kulia limevimba hata jicho limekuwa dogo. Tulimuuliza tangu lini anaumwa. Akasema tangu mwezi wa Rajabu, yaani miezi kadhaa nyuma, na kwamba maumivu yalikuwa yakija na kuondoka, naye alikuwa akiweka karafuu. Tukamuuliza kwa nini hakusema. Akajibu: "Nililiogopa koleo, ustadh."

Tulimpeleka hospitali pamoja na mama yake. Lilikuwa gego la chini, limetoboka na kubaki kama kikombe kilichovunjika, na usaha ulikuwa umeshaingia mfupani. Likang'olewa. Kijana huyu hajafika miaka 15, na tayari ana pengo ambalo atakuwa nalo maisha yake yote.

Wakati tunasubiri ganzi imtoke, daktari alituambia jambo ambalo hatukulitarajia. Alisema wapo madaktari ambao jino lililoharibika sana, wakishashindwa kulitibu likiwa kinywani, huling'oa kwa makusudi, wakalitengeneza mkononi, kisha wakalirudisha kwenye tundu lake, nalo likashika na kutafuna tena. Tulidhani anatutania. Na mwanafunzi wetu, ijapokuwa mdomo wake ulikuwa mzito kwa ganzi, aliuliza swali zuri kuliko yetu sisi walimu wake: "Jino likishatoka, si limeshakufa?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tuandike makala hii. Tulirudi kwa daktari zaidi ya mara moja, tukauliza na tukasoma. Haya ndiyo tuliyoyapata.

JINO NI NINI HASA?

Wengi wetu tunaliona jino kama kijiwe kilichochomekwa kwenye fizi. Sivyo. Sehemu tunayoiona, yaani taji, ni sehemu tu ya jino. Sehemu iliyobaki ni mzizi, nao umezama ndani ya mfupa wa taya. Meno ya mbele huwa na mzizi mmoja, na magego huwa na miwili au mitatu.

Juu ya taji kuna ganda gumu jeupe, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa mwanaadamu. Chini ya ganda hilo kuna tabaka la pili, gumu lakini si kama la kwanza. Na katikati kabisa kuna kiini laini chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, ambacho hushuka mpaka ncha ya mzizi kupitia mfereji mwembamba. Jino linapouma usiku kucha, kiini hiki ndicho kinacholia.

Ama jambo ambalo wengi hatulijui, nalo ndilo ufunguo wa makala yetu yote, ni hili: mzizi haukugandana na mfupa. Baina ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba sana, unene wake ni kama sehemu ya tano ya milimita. Utando huu umejaa nyuzinyuzi na seli hai. Nyuzi hizo hulishika jino kama kamba nyingi ndogo zinavyoshika chombo bandarini: linatikisika kidogo unapotafuna lakini haling'oki. Jino linapong'olewa, nyuzi hukatika katikati. Nusu hubaki katika tundu, na nusu hutoka na jino zikiwa zimeng'ang'ania mzizi.

Basi jibu la swali la mwanafunzi wetu ni kwamba jino lililotoka halifi papo hapo. Ule utando ulioko juu ya mzizi bado u hai. Ukirudishwa mahali pake ungali hai, hushikana tena na wenzake katika mfupa. Ukikauka, au ukisuguliwa, hufa, na jino huenda nao.

JINO HUOZAJE?

Mitaani husemwa kuwa jino limeliwa na mdudu. Mdudu wa kuonekana kwa macho hakuna. Waliopo ni bakteria, ambao huishi katika ukoga unaoganda juu ya meno. Tunapokula sukari, nao hula, na uchafu wao ni tindikali. Tindikali hiyo huyeyusha ganda la jino kidogo kidogo. Kila tunapokula ubuyu wenye sukari, kashata, pipi au soda, tindikali hupanda na kukaa muda kabla mate hayajaituliza. Mwenye kula pipi moja kila baada ya saa moja huyaweka meno yake katika tindikali mchana kutwa.

Mwanzo huwa ni alama nyeupe au ya hudhurungi, haiumi. Kisha hutokea kishimo. Kishimo kikivuka ganda, maji ya baridi huanza kuchoma. Kikifika kwenye kiini, maumivu huwa makali. Halafu siku moja maumivu hukoma ghafla, na mgonjwa hushukuru akidhani amepona. Kumbe kiini kimekufa, na bakteria sasa wanashuka kwenye mfereji kuelekea ncha ya mzizi na mfupa. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa mwanafunzi wetu. Karafuu ilimtuliza, kwani mafuta yake kweli hutia ganzi kidogo, lakini kutuliza si kutibu.

NGAZI ZA MATIBABU

Matibabu ya jino bovu ni kama ngazi, na kila daraja lina wakati wake:

1. Kuziba. Hii ni pale ambapo kishimo bado hakijafika kwenye kiini. Ni kazi fupi na gharama yake ni ndogo kuliko zote zinazofuata.

2. Matibabu ya mzizi. Kiini kikishaoza, daktari hukitoa chote, husafisha mfereji mpaka nchani, akaujaza na kuuziba.

3. Kurudia matibabu ya mzizi, ikiwa mara ya kwanza bakteria walibaki.

4. Upasuaji wa ncha ya mzizi. Daktari hupasua fizi, hufungua mfupa kidogo, hukata ncha iliyooza na kuiziba kwa nyuma.

5. Kung'oa kwa makusudi na kurudisha.

6. Kung'oa moja kwa moja.

Wengi wetu huruka kutoka chini kabisa mpaka daraja la sita. Baadhi yetu ni kwa kuogopa na kuchelewa, na wengine ni kwa kuwa katika vituo vingi vilivyo karibu nasi huduma iliyopo ni koleo tu.

Sasa mtu anaweza kuuliza, ikiwa daraja la nne lipo, la tano ni la nini? Sababu ni kuwa si kila mzizi unafikika kwa kisu. Magego ya nyuma ya chini yamezungukwa na mfupa mnene, na chini yake hupita mshipa mkubwa wa fahamu unaoupa mdomo wa chini hisia zake. Ukijeruhiwa, mdomo huweza kubaki na ganzi. Mara nyingine kifaa cha kusafishia kimekatikia ndani ya mfereji na hakitoki. Hapo daktari hujiuliza: ikiwa mimi siwezi kulifikia jino, je, jino haliwezi kuja kwangu?

SI JAMBO JIPYA

Ndugu wanafunzi, msidhani kuwa fikra hii imezaliwa jana. Katika Andalusia, karibu na mji wa Cordoba, aliishi tabibu Abul-Qasim Az-Zahrawi, anayekadiriwa kuzaliwa mwaka 936 na kufariki mwaka 1013. Aliandika kitabu kikubwa cha tiba kiitwacho At-Tasrif, chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, yenye michoro ya vyombo vya kazi. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, na matabibu wa Ulaya wakaitegemea kwa karne nyingi.

Az-Zahrawi alieleza namna ya kuyafunga meno yaliyolegea kwa uzi wa dhahabu au fedha, na kwamba jino lililotoka huweza kurudishwa mahali pake na kufungwa pamoja na jirani zake. Na kabla ya hapo aliwaasa matabibu wasiwe wepesi wa kung'oa. Aliliona jino kuwa ni kitu cha thamani kisicho na badala, na akawalaumu vinyozi wajinga wa zama zake waliokuwa wakivunja mizizi au kung'oa jino zima wakaliacha bovu. Zaidi ya miaka elfu imepita, na nasaha hiyo bado inatuhusu.

Katika karne ya 18 Mfaransa Pierre Fauchard, ambaye kitabu chake juu ya meno kilitoka mwaka 1728, naye alieleza habari za meno aliyoyarudisha. Mwaka 1966 mwalimu wa Kimarekani, Louis Grossman, aliandika maelezo ya kitaalamu ya kazi hii: kulitoa jino kwa makusudi na kulirudisha karibu papo hapo, ili mizizi yake izibwe likiwa nje.

Mwaka huohuo wa 1966 watafiti wa Denmark, Andreasen na Hjørting-Hansen, walichapisha uchunguzi wao juu ya meno 110 yaliyong'oka kwa ajali na kurudishwa. Katika yale yaliyorudishwa ndani ya dakika 30, asilimia 90 mizizi yao haikuliwa na mwili. Katika yale yaliyokaa nje zaidi ya saa 2, asilimia 95 mizizi yao ililiwa. Tazameni tofauti hiyo! Kilichotofautisha makundi hayo mawili ni muda wa kukaa nje.

KAZI INAVYOFANYIKA

Kwanza mgonjwa hupigwa picha ya eksirei ili umbo la mizizi lijulikane. Kisha hupigwa ganzi, na kinywa husafishwa kwa dawa.

Daktari hulishika jino kwa koleo juu ya taji peke yake. Meno ya koleo hayashuki kwenye mzizi, kwani yangeukwangua ule utando. Hatumii nguvu ya ghafla. Hulitikisa taratibu, mbele na nyuma, mpaka nyuzi zinaachia zenyewe. Kazi hii ya kulitoa ndiyo yenye kuhitaji subira kuliko zote, kwani mzizi ukivunjika hapa, safari imekwisha.

Jino likishatoka, saa huanza kuhesabu. Madaktari wengi hulenga kumaliza ndani ya dakika 15. Muda wote huo mzizi humwagiwa maji maalumu ya chumvi ili usikauke hata kidogo, na hakuna anayeugusa kwa kidole. Daktari huukagua pande zote, kwani sasa anaona kwa macho yake yale ambayo eksirei ilimficha. Akikuta umepasuka kwa urefu, humwambia mgonjwa ukweli kuwa jino hili halirudi.

Ukiwa mzima, hukata ncha yake kiasi cha milimita 3, sehemu ambayo ndiyo yenye vijifereji vingi vya kujificha bakteria. Kisha huchimba kishimo kidogo katika ncha na kukijaza. Dawa inayotumika sana ni saruji ya kitabibu iitwayo MTA, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Loma Linda, California, na kuelezwa katika majarida ya kitaalamu mwaka 1993. Tumesema saruji, nayo ni saruji kweli, ndugu wa ile ya kujengea nyumba, ila imesafishwa kwa ajili ya mwili. Huganda hata penye unyevu, na mfupa huikubali.

Tundu la jino nalo husafishwa taratibu, bila ya kukwangua kuta zake, kwa kuwa kule nako kuna nusu ya zile nyuzi. Kisha jino hurudishwa polepole mpaka likae. Mgonjwa huuma kitambaa, na jino hufungwa na jirani zake kwa uzi au waya mwembamba kwa muda wa wiki 1 hadi 2. Kufunga huku hakutakiwi kuwe kwa nguvu kama fundi anavyofunga boriti. Jino liachiwe kutikisika kidogo, kwani huko kutikisika ndiko kunakoziamsha nyuzi na kulizuia jino lisigandane na mfupa.

JINO LILILOOZA MPAKA CHINI YA FIZI

Lipo tatizo jingine. Mara nyingine mzizi ni mzima, lakini taji limeoza lote mpaka chini ya fizi. Daktari hana mahali pa kushikiza taji la bandia, kwa sababu ukingo mzima wa jino umezama. Watu wengi wenye jino la namna hii huambiwa kuwa halina dawa.

Kwa meno yenye mzizi mmoja ulionyooka na mrefu wa kutosha, njia ni hiyohiyo na tofauti yake ni ndogo. Jino hulegezwa au hutolewa kwa uangalifu, kisha hurudishwa likiwa limeinuliwa milimita chache kuliko lilivyokuwa. Mara nyingine hugeuzwa, upande mzima ukaelekezwa pale inapohitajika. Hufungwa, likaachwa lishike. Likishashika, mfereji wake hutibiwa, na juu yake hujengwa taji. Ni kama mwenye nyumba ambaye nguzo yake imeoza chini: hainunui nguzo mpya, huipandisha akakata palipooza na kuisimamisha tena. Hapa palipooza ni juu, lakini maana ni moja. Sharti lake ni kuwa mzizi unaobaki ndani ya mfupa uwe bado mrefu wa kubeba mzigo.

JE, HUDUMU?

Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kuwa kwa wastani meno 88 katika kila 100 yaliyong'olewa kwa makusudi na kurudishwa yaliendelea kuwamo kinywani katika muda wa uchunguzi. Kwa meno ya kupandikiza, yale ya msumari wa titani uliotiwa ndani ya mfupa, yalikuwa 97. Kwa hiyo kipandikizi hushinda kwa hesabu. Lakini kipandikizi ni ghali sana, na wahenga wetu walikwishasema: jino la pembe si dawa ya pengo. Na jino lililorudishwa likishindwa baada ya miaka, mara nyingi mlango wa kipandikizi bado uko wazi.

Haifai kuficha madhara yake. Jino linaweza kuvunjika wakati wa kutolewa. Linaweza kugandana na mfupa ikiwa utando umekufa. Mwili unaweza kuanza kuula mzizi wake taratibu. Kwa hiyo mgonjwa hurudi kukaguliwa kwa eksirei mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, na baada ya hapo kila mwaka.

Wala si kila jino linafaa. Halifai ambalo mizizi yake imeachana na kupinda kama miguu ya kaa, kwani haitatoka salama. Halifai lililolegea kwa maradhi ya fizi. Halifai lililopasuka mzizi. Na kwa vijana ambao taya bado linakua tahadhari huwa kubwa zaidi, kwa sababu jino likigandana na mfupa hubaki chini huku wenzake wakiendelea kupanda. Gego la mwanafunzi wetu lilikuwa na sababu mbili katika hizi. Na hata kama lingefaa, kazi hii huhitaji daktari bingwa, na si kila hospitali inayo.

SHERIA INASEMAJE?

Tunajua kuwa mwanafunzi wa madrasa atauliza: je, jino lililotengana na mwili si najisi? Na mwenye kuswali nalo hali yake ikoje? Mas-ala haya wanazuoni waliyajadili tangu zamani. Qauli yenye nguvu katika madh-hebu ya Imamu Shafi ni kuwa kiungo kilichotengana na mwanaadamu ni tohara. Na Baraza la Fiqhi la Kiislamu la kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha Februari 1988, liliruhusu kuhamisha kiungo cha mtu kutoka sehemu moja ya mwili wake kwenda sehemu nyingine ya mwili wake mwenyewe, ikiwa manufaa yanayotarajiwa yanashinda madhara. Basi ikiwa hilo limeruhusiwa, jino kurudi palepale lilipotoka ni karibu zaidi na ruhusa.

Ama kulifunga, kisa cha sahaba Arfajah (R.A.) kinajulikana. Alipoteza pua yake vitani, akaweka ya fedha ikamletea harufu, na Mtume (S.A.W.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Imamu Tirmidhi alipoipokea hadithi hiyo alitaja kuwa wapo wanazuoni waliofunga meno yao kwa dhahabu. Na kwa udhu, kusukutua kwetu sisi Mashafi ni sunna, kwa hiyo aliyefungwa jino asiwe na wasiwasi katika siku ambazo daktari amemkataza kusukutua.

KOSA LETU UWANJANI

Ndugu wanafunzi, tulipokuwa tukisikiliza maelezo haya ya dakika na utando, tulikumbuka jambo ambalo limetukaa moyoni. Miaka minne iliyopita, siku ya michezo, kijana wetu mmoja aligonga nguzo ya goli, na jino lake la mbele la juu likatoka zima, na mzizi wake. Sisi walimu ndio tuliolikusanya. Lilikuwa na mchanga. Tulilipeleka bombani, tukalisugua kwa pembe ya kanzu mpaka likang'aa. Kisha tukalikunja katika karatasi, tukalitia mfukoni, tukangoja mzazi afike. Tulifika hospitali baada ya saa tatu. Daktari alilifungua lile karatasi, akalitazama, akatikisa kichwa.

Tulidhani tunalisafisha, kumbe tulikuwa tunaliua. Kijana yule bado yuko nasi, na mpaka leo anaposoma Qur-ani mbele ya watu huuinua mkono wake karibu na mdomo. Yeye mwenyewe ametuhimiza tuliandike jambo hili, ili asije mwingine akatendewa hivyo. Basi yashikeni haya, nanyi mkawafundishe wa nyumbani:

1. Jino la ukubwani likitoka kwa ajali, lishike kwenye taji. Usiguse mzizi.

2. Likiwa chafu, lisuuze taratibu kwa maziwa au kwa mate ya mwenyewe. Usilisugue.

3. Ukiweza, lirudishe papo hapo kwenye tundu lake, upande wa mbele ukiwa mbele, na mwenyewe aume kitambaa safi.

4. Ukishindwa, litie katika kikombe cha maziwa ya kawaida yasiyotiwa kitu. Maziwa yakikosekana, atemee mate kikombeni na jino litiwe humo. Maji ya kawaida si mazuri, lakini ni afadhali kuliko kulikausha.

5. Nendeni kwa daktari wa meno mara moja. Msingoje mchezo umalizike, wala msingoje mzazi. Likikaa kavu kiasi cha saa moja, matumaini ya ule utando huwa yamekwisha.

6. Jino la utotoni likitoka halirudishwi, kwani linaweza kuliharibu linalokuja chini yake.

Tangu mwaka jana, siku ya michezo huwa tunaweka chupa ya maziwa kando ya uwanja, pamoja na bandeji. Mmekuwa mkiuliza ni ya nini. Sasa mmejua.

HITIMISHO

Tumeeleza habari ya jino lililooza kung'olewa na kurudishwa ili mjue kuwa jino ni kitu hai, na kuwa mwenye elimu anaweza kulirudisha hata pale ambapo sisi tumeshakata tamaa. Lakini ngazi ile ya matibabu huanzia chini, na daraja la kwanza ndilo jepesi na rahisi kuliko yote. Anayeficha maumivu kwa kuliogopa koleo ndiye anayejipeleka kwenye koleo.

Pigeni mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi, na hasa kabla ya kulala. Mwezi wa Ramadhani msilale na daku menoni. Punguzeni kutafuna vitamu kila saa. Mtume wetu (S.A.W.) aliuhimiza sana mswaki, hata akabainisha kuwa lau si kuuchelea umma wake mashaka angeuamrisha katika kila swala. Na mwenye kuona alama nyeusi au anayechomwa na maji baridi, aje atuambie siku hiyohiyo. Hatutamkaripia wala kumcheka. Tutampeleka, insha Allah, na huenda akarudi darasani kabla ya adhana ya Adhuhuri, jino lake likiwa limezibwa.

Wabillahi tawfiq.